Kitambaa Chekundu Kwenye Propela

JUMATANO, SAA KUMI NA MOJA JIONI

Chumba cha nyuma cha duka la magodoro hakikuwa na dirisha. Magodoro mabovu yalipangwa ukutani mpaka darini, na sauti ya mtu ilifia humo humo. Kocha alikipenda kwa sababu hiyo.

Zamani, kabla ya gereza, Kocha alifundisha timu ya mpira. Mazoea ya uwanjani yalikuwa hayajamtoka. Alimwaga vizibo vya soda juu ya kipande cha sponji, akaanza kupanga wachezaji.

"Karakana hii hapa. Mlinzi yuko getini. Mwenzake humaliza zamu saa sita na nusu. Mzee..." Alisukuma kizibo kimoja kikaanguka chini. "Mzee hayupo. Bisibisi kamtuma mjini."

"Sijamtuma bado," Bisibisi alisema.

"Utamtuma."

Walikuwa wanne. Kocha. Bisibisi, fundi wa ndege, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu na kucha zisizotakata hata Jumapili. Rubani, aliyerusha ndege za kunyunyizia dawa mashambani hadi pombe ilipomnyang'anya leseni. Sasa alimumunya peremende mchana kutwa na mikono yake ilikuwa imetulia. Na dereva wa Kocha, mdogo wake mke wa Bisibisi. Huyo genge zima lilimwita Shemeji, kwa kuwa ndivyo Bisibisi alivyomwita.

"Na mpira wenyewe uko wapi?" Shemeji aliuliza.

Kocha aliweka katikati kizibo cha rangi ya dhahabu.

Mpira ulikuwa ndege ya kivita ya zamani. Injini moja, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Ilianguka kwenye kinamasi wakati wa vita, ikazama, ikasahaulika. Wakata matete ndio waliojua kwamba kuna chuma pale, maana walikuwa wakifungia kamba zao kwenye ncha ya bawa. Mjomba wake Bisibisi alisikia habari hiyo, akaenda na winchi na mapipa matupu, akaivuta nje kiangazi kimoja huku akizama tope hadi kifuani. Ndani walikuta viatu jozi mbili. Mjomba alivizika kwenye kilima pamoja na kilichokuwemo, akasimika mawe mawili, kisha akaanza kazi. Kazi ilichukua miaka kumi na moja. Bati kwa bati, riveti kwa riveti. Aliita ndege hiyo Bibi.

Bibi alikuwa amekwisha kuruka mara mbili. Wiki iliyofuata watu wa makumbusho wangekuja kumchukua.

"Watamfanya nini huko?" Rubani aliuliza.

"Watamwaga mafuta yake," Bisibisi alisema. "Watamning'iniza darini kwa nyaya. Kama kuku buchani."

"Na mnunuzi wetu?"

"Mnunuzi wetu atamrusha," Kocha alidakia. "Ana uwanja wake, ana fundi wake. Nyinyi mnatua ng'ambo ya mpaka, kwenye kiwanja kile cha zamani cha ndege za dawa ambacho Rubani anakijua. Lori linasubiri. Hakuna damu. Nimesema hakuna damu. Rubani mbele, Bisibisi nyuma. Swali?"

"Breki?" Rubani alimgeukia Bisibisi.

"Ya kulia inavuta kidogo."

"Kama mke wangu wa kwanza." Rubani aligeuza peremende mdomoni. "Nitaimudu."

Walicheka. Bisibisi alicheka pia, ila kwa kuchelewa. Kocha aliona.

"Namba kumi, vipi? Bado unamwonea mzee huruma?"

Bisibisi aligusa mfuko wa suruali. Alikuwa na kipande cha gazeti kwenye pochi. Picha ilimwonyesha Mjomba ameegemea propela, na maneno chini yake: mtu aliyemfufua Bibi peke yake. Pembeni mwa picha palionekana bega la mtu. Bega lilikuwa la Bisibisi. Mpiga picha alikuwa amekata hapo.

"Bega lako limetoka vizuri lakini, shem," Shemeji alikuwa amemwambia siku ile, nyumbani, mbele ya dada yake. Kisha, alipoona shemeji yake hacheki, akaacha utani. Kesho yake akamweleza Kocha. Basi, habari zilianzia hapo. Miaka kumi na moja ya tope na riveti, na hasira iliyotosha kwenye pochi.


ALHAMISI, SAA TISA ALASIRI

Bisibisi alikuwa amelala chali chini ya mkia wa ndege. Alikuwa amefungua kiungo cha fimbo inayopandisha na kushusha pua, akakisafisha, akakipaka grisi, akarudisha bolti mahali pake. Alianza kuzungusha nati kwa vidole. Simu ikatetema mfukoni.

"Umeshamwambia?" Kocha aliuliza.

"Bado."

"Saa ngapi sasa?"

"Nitamwambia."

"Mwambie sasa hivi. Nataka nisikie umetoka hapo ukaenda kumwambia."

Bisibisi alitoka chini ya mkia. Alifuta mikono, akaenda mpaka kwenye meza ya vifaa ambako Mjomba alikuwa akinoa keekee, kichwa kimeinama. Injini zilikuwa zimemla masikio huyu mzee. Alikuwa na kifaa cha kusikilizia ambacho mara nyingi alikiacha ndani ya gari, akidai kinampigia filimbi. Ukitaka kuzungumza naye ulisimama mbele yake, akusome midomo.

Bisibisi alisimama mbele yake.

"Mjomba, wamepiga simu ghala la mizigo. Vioo vimefika."

"Vioo vya mbele?"

"Wanasema uende mwenyewe. Kesho. Na kitambulisho."

Mzee alimtazama mdomoni kidogo zaidi ya kawaida. Labda ilikuwa kawaida. Bisibisi hakuweza tena kupima.

"Ala! Nilidhani vimepotea baharini." Mzee akatabasamu. "Basi Bibi ataenda makumbusho na miwani mipya. Nitaondoka asubuhi."

Ilikuwa rahisi hivyo. Bisibisi alitoka nje, akasimama kwenye jua. Aliporudi ndani kompresa ilikuwa imezimwa, vifaa vimeshafutwa, na siku ilikuwa imekwisha. Akanawa, akaenda nyumbani.


IJUMAA, SAA MBILI ASUBUHI

Alichelewa. Usiku hakulala, alfajiri akapitiwa. Alikutana na gari la Mjomba getini, likitoka. Mzee alisimamisha, akashusha kioo.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Umelala salama?"

"Salama."

"Macho yako hayasemi hivyo." Mzee aliachilia usukani, akaushika tena. "Sikiliza. Kuna jambo nataka tulizungumze nikirudi. Mimi na wewe tu."

"Jambo gani?"

"Nikirudi. Si la kusema getini."

Gari likaenda. Mlinzi alifunga geti, akampungia Bisibisi mkono. Bisibisi hakuona. Alikuwa bado akilitazama gari. Amejua. Mzee amejua.

Akaingia karakanani, na pale akakuta kitu kingine.

Kitambaa chekundu kilikuwa kimefungwa kwenye propela. Mafundo mawili.

Karakana ile haikuwa na kanuni nyingi. Mzee alichukia mabango. Ila kanuni moja haikuvunjwa hata na mgeni. Ukiacha kazi nusu, au ukiona hitilafu, funga kitambaa chekundu kwenye propela, na injini haiwashwi mpaka kitambaa kitoke. Anayekitoa ni yule aliyekifunga, mtu mwingine hapana, hata kama aliyekifunga amelala. Mara moja kilikaa siku tisa, Mjomba akiwa hospitali na homa ya mapafu, na Bisibisi aliikwepa propela ile siku zote tisa kama mtu anayeikwepa maiti sebuleni.

Alisimama akikitazama. Simu alikuwa nayo. Lakini mzee kwenye simu husikia neno moja kati ya matano, na lile moja Bisibisi hakujua lingekuwa lipi. Tena, je, kama kitambaa kile ndicho lile jambo? Kama mzee amekifunga ili ndege isitoke?

Hapana. Mjomba hakuwa mtu wa hila. Kitambaa kilimaanisha hitilafu.

Basi akaanza kuitafuta, kwa utaratibu, kama alivyofundishwa. Alipima mafuta ya injini. Alikagua mabomba ya petroli, moja moja, kwa kidole. Plagi. Nyaya za sumaku ya kutoa cheche. Alikagua breki ya kulia, ile inayovuta. Alipanda, akachungulia saa zote za vipimo mbele ya kiti cha rubani. Alikuwa akikagua kazi ya Mjomba, akitafuta mahali mzee alipoacha spana chini. Kila mahali palikuwa safi.

Mkia aliupita. Mkia ulikuwa kazi yake mwenyewe.


SAA SABA KASORO ROBO MCHANA

Walifika na gari dogo la kubebea magodoro. Getini mlinzi alikuwa akila mkate kwenye kiti chake. Hakuwahi hata kusimama. Walimvika mfuko wa nguo kichwani, wakamfunga mikono kwa utepe wa gundi, wakamlaza kwenye stoo ya rangi. Kazi yote Kocha aliifanya kwa sauti ya upole. "Pumua polepole, mzee wangu. Hakuna anayekutaka wewe."

Rubani alibaki nje kuangalia upepo. Alikuwa ameokota majani makavu, akiyaachia kidogo kidogo.

Kocha aliingia karakanani, bastola imo kiunoni chini ya shati. Macho yalienda moja kwa moja kwenye propela.

"Hiki nini?"

"Kinasema injini isiwashwe," Bisibisi alisema. "Mzee amekifunga. Kuna kitu hakiko sawa."

"Kitu gani?"

"Sijakipata. Nimetafuta asubuhi nzima."

"Umetafuta asubuhi nzima hukukiona. Basi hakipo."

"Kocha, mzee hafungi kitambaa bure."

Kocha alisogea karibu. Alinuka sabuni. "Rubani akikiona atasemaje?"

"Hataruka. Rubani yeyote hataruka."

"Basi asikione."

Nje Rubani alipiga mluzi: upepo ni mzuri.

Bisibisi aliutazama mlango, akakitazama kitambaa. Mkono wake ulikwenda. Alitegemea mafundo yatakuwa magumu. Aliyataka yawe magumu, apate sababu ya kuhangaika, sekunde chache tu. Yalifunguka mara moja. Mzee alikuwa na vidole vilivyolegea siku hizi. Akakikunja kitambaa, akakisukuma mfuko wa ndani wa ovaroli.

Shemeji alikuwa mlangoni. Alikuwa ameona.

"Nini hicho, shem?"

"Cha kufutia mikono."

Jibu lilitoka laini, kama lilikuwa limekaa mdomoni likisubiri.

Waliisukuma ndege nje. Jua liliwaka juu ya mabawa. Bisibisi alizungusha propela kwa mkono, bapa baada ya bapa, kuondoa mafuta yaliyojikusanya kwenye silinda za chini. Rubani alipanda mbele. Bisibisi alipoweka mguu kwenye bawa apande nyuma, Kocha alimshika ovaroli mgongoni.

"Mabadiliko ya wachezaji."

"Nini?"

"Wewe unabaki. Nakufunga, nakuweka na mlinzi. Mlinzi hajakuona na sisi. Polisi wakija wewe ni mtu aliyepigwa. Una faida zaidi huko kuliko angani." Kisha, chini chini: "Na Rubani simwamini. Akiwa peke yake angani anaweza kumuuzia mtu mwingine. Shemeji anakaa nyuma yake. Na hii." Akamkabidhi Shemeji bastola ya pili.

Shemeji aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake.

"Bosi, mimi ni dereva. Mimi sijawahi hata kupanda lifti."

"Leo unapanda."

"Nikitapika je?"

"Tapikia mgongo wa Rubani. Usimpige risasi tu kabla hajatua."

Rubani aligeuka kutoka mbele. "Nasikia, jamani. Masikio ninayo."

Shemeji alipanda. Bisibisi alimfuata, akapiga magoti, akaanza kumfunga mikanda. Mmoja begani, wa pili begani, miwili ya kiunoni. Aliona jasho juu ya mdomo wa shemeji yake. Alimjua tangu siku ya posa, alipoficha viatu vya bwana harusi mtarajiwa na kudai soda ndipo avitoe.

"Ya kufungulia ni ipi?" Shemeji aliuliza.

"Hii. Unavuta. Usiiguse mpaka mtue."

"Shem."

"Eeh."

"Kiko sawa lakini? Hiki kitu?"

Rubani naye aligeuza kichwa, akisubiri. Hakutania safari hii. "Umekagua, fundi?"

Bisibisi alikagua. Ni kweli alikagua. Aliweza kuapa kwamba alikagua.

"Kiko sawa," alisema.

"Ukifika nyumbani," Shemeji alisema, "mwambie dada nimeruka. Hataamini."


SAA SABA NA DAKIKA KUMI

Injini ilikohoa, ikatoa moshi wa bluu, ikashika. Bisibisi alivuta vizuizi vya magurudumu, akasimama mbele ya bawa la kushoto mahali Rubani angeweza kumwona. Ndipo pale mtu anayebaki chini anapotoa ishara. Kidole gumba juu: nenda. Mikono miwili kupishana juu ya kichwa: zima.

Rubani alimtazama. Alisubiri.

Kocha alikuwa nyuma yake, hatua chache. Bisibisi hakugeuka kuona bastola iko wapi. Baadaye, kila alipolikumbuka hilo, alijiuliza kama ilikuwa imetolewa. Hakujua. Hakuwa ameangalia. Angeweza kuinua mikono yote miwili na hakujua hata kama kuna mtu ambaye angemzuia.

Aliinua kidole gumba.

Bibi alikimbia kwenye majani, akavuta kulia kidogo, Rubani akamrekebisha, mkia ukanyanyuka, magurudumu yakaacha ardhi. Alikuwa mzuri. Hilo ndilo lililouma. Bisibisi alitazama miaka kumi na moja ikipanda juu ya miti na kwa pumzi moja akasahau kila kitu isipokuwa kwamba Bibi anaruka.

"Njoo," Kocha alisema.

Kwenye stoo ya rangi alimfunga mikono na miguu. Kisha akampiga kitako cha bastola juu ya jicho, pigo la kupimwa.

"Pole, namba kumi. Lazima ionekane," alimnong'oneza sikioni, mlinzi asisikie. Akachukua simu mfukoni mwa Bisibisi. "Mgao utakufikia."

Mlango ukafungwa. Wote wawili walijua hautafika.

Bisibisi alilala shavu sakafuni. Kando yake mlinzi alikuwa akinong'ona chini ya mfuko. "Nani? Ni nani hapo?"

"Ni mimi. Fundi."

"Wamekuumiza, mwanangu?"

Bisibisi alikuwa akisikiliza. Rubani alikuwa amezunguka, anarudi juu ya kinamasi kuelekea mpaka. Injini ilikuwa safi, sauti moja, kama cherehani. Kisha ikabadilika. Ikapiga kelele, ikanyamaa. Ikapiga tena, ikanyamaa. Alielewa: mtu aliye juu anatumia injini kuinua pua, kwa sababu mkono wa usukani haumsaidii. Rubani alikuwa akipigana. Alipigana vizuri, kwa muda mrefu kuliko mtu angetegemea.

Halafu ukimya. Halafu kishindo, si kikubwa, kama mlango wa lori unavyofungwa mtaa wa pili.

"Nini hicho?" mlinzi aliuliza. "Nini kimeanguka?"


SAA TISA NA NUSU ALASIRI

Mjomba ndiye aliyewafungua. Alikata utepe kwa kisu cha mfukoni, akaepuka ngozi. Alipoona damu juu ya jicho la Bisibisi alitoa leso yake, akaikandamiza hapo, akamvuta kichwa kifuani.

"Uko hai," alisema. "Uko hai. Basi. Bati ni bati."

Bisibisi alikaa ameganda kwenye kifua kile. Kilinuka grisi na peremende za kikohozi.

Polisi walifika. Inspekta alikuwa mtu mpole, anaongea taratibu, suruali imeloa tope mpaka magotini. Alikuwa ametoka kinamasini. Waliketi karakanani, kwenye mabenchi, mahali palipobaki tupu pa ukubwa wa ndege.

"Wawili," Inspekta alisema. "Wote wamekufa. Mmoja tunamfahamu, alikuwa rubani wa kunyunyizia dawa mashambani. Wa pili kijana tu, hana karatasi. Alikuwa bado amefungwa mikanda." Alimgeukia Bisibisi. "Imefungwa vizuri sana ile. Imebidi tuikate."

Bisibisi aliinamisha kichwa.

"Usijilazimishe, fundi. Umepigwa. Mlinzi ameshatueleza, walikuvamia baada yake." Inspekta alimsogelea Mjomba, akapaza sauti. "Mzee! Ndege ilikuwa na hitilafu?"

Mjomba alisoma midomo yake. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akatoa mfukoni pakiti ndogo ya nailoni, akaiweka juu ya benchi. Ndani kulikuwa na pini. Zile nyembamba, za kupenya kwenye nati na kukunjwa pande mbili ili nati isijifungue kwa mtikisiko.

"Nilikwenda mjini kuchukua mzigo," alisema. "Mzigo haukuwepo, sijui nani aliwachanganya. Lakini safari haikuwa bure, maana nilihitaji hizi. Zetu zimekwisha. Leo asubuhi nimekagua mkia. Nati ya fimbo ya pua imekazwa kwa vidole tu. Pini hamna."

Bisibisi alihisi vidole vyake. Grisi, bolti, nati inazunguka. Simu inatetema.

"Kwa nini hukuirekebisha?"

"Bila pini?" Mzee alitikisa kichwa. "Nilifunga kitambaa. Nikasema nikirudi tutakaa, mimi na huyu mwanangu, tuzungumze. Jana hakuwa sawa. Mtu kama huyu hasahau pini kama nyumbani hakuna tatizo. Sikutaka kumwaibisha mbele ya mlinzi."

Inspekta alimtazama Bisibisi kwa huruma. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko pigo.

"Kitambaa gani, mzee?"

Mjomba alieleza kanuni. Kwa ufupi, bila kujivuna. Inspekta alisikiliza, akasugua kidevu.

"Kwa hiyo wezi ndio waliokitoa."

"Wezi hawakujua. Rubani yule lazima angejua, ndiyo sababu sielewi. Nimetafuta chini, kila mahali. Hakipo." Mzee alifikiri kidogo, kisha akasema kile alichokuwa akikizunguka. "Labda sikukifunga. Mimi ni mzee. Labda nilidhani nimekifunga, nikaondoka. Andika hivyo, bwana. Andika ni mimi. Watu wawili wamekufa kwa usahaulifu wangu."

Inspekta alichomoa kalamu.

Kesi ilikuwa imekwisha. Bisibisi aliliona hilo waziwazi. Mlinzi hakumwona. Rubani hatasema. Kocha, akikamatwa, ni neno lake na neno la mtu aliyepasuliwa juu ya jicho. Na mke wake angelia msiba wa mdogo wake huku amemkumbatia yeye, na angesema, wewe angalau Mungu amekuacha.

"Mjomba," alisema.

Mzee alikuwa amemtazama Inspekta. Kifaa cha masikio kilikuwa garini. Hakusikia.

"Mjomba, ulikifunga."

Hakusikia.

Bisibisi aliinuka. Aliingiza mkono mfuko wa ndani wa ovaroli. Kitambaa kilikuwa kimelowa jasho. Alikivuta, akakilaza juu ya benchi, karibu na pini, akakinyoosha kwa viganja mpaka mikunjo ikaisha.

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

Mjomba alikitazama kitambaa. Kisha akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu arudi hakuyaelekeza kwenye midomo ya Bisibisi.

"Yule kijana wa nyuma," mzee alisema. "Ni nani?"

"Ni Shemeji. Mdogo wake mke wangu. Mikanda nilimfunga mimi."

Safari hii mzee alisoma. Alikaa chini. Vidole vyake vilikigusa kitambaa kwenye ncha, mahali kilipokunjamana kwa kufungwa.

"Nilikifunga mafundo mawili," alisema polepole.

"Niliyaona, Mjomba."

"Yalikusumbua?"

Inspekta alikuwa ameshasimama, pingu mkononi. Alingoja. Alikuwa mtu mpole.

"Hapana," Bisibisi alisema, akimgeukia mzee uso kwa uso ili asome vizuri. "Yalifunguka upesi."